Sindano za Kulegeza Ndita: Mwongozo Kamili Kabla ya Kukaa Kwenye Kiti

Mama mmoja alikuja kliniki ninakofanya kazi akiwa amevaa miwani myeusi. Alipoivua nikaona kope la jicho la kushoto limeshuka hadi katikati ya mboni. Siku tisa kabla ya hapo alikuwa amechomwa sindano za usoni katika chumba cha hoteli, na mtu aliyesifiwa kwenye kundi la WhatsApp. Daktari alimuuliza mambo matatu: ulichomwa dawa gani, yuniti ngapi (ndicho kipimo cha dawa hii), na nani aliyekuchoma? Hakuwa na jibu hata moja. "Alisema ni Botox," akasema kwa sauti ya chini, "lakini chupa sikuiona."

Kope lake lilirudi mahali pake baada ya wiki kadhaa, tukashukuru Mungu. Ila jibu lake halijanitoka. Ndilo lililonikalisha chini kuandika haya.

Mimi ni nesi wa kliniki ya ngozi. Sitakuambia uchome wala usichome. Uso ni wako, na sababu zako ni zako. Ninachotaka ni kwamba siku ukikaa kwenye kile kiti, ujue unachochomwa, kipimo chake, mkono unaokuchoma, na la kufanya mambo yakienda kombo.

Anza na kioo

Kaa karibu na dirisha asubuhi, uso umeoshwa, bila poda. Kunja uso kama mtu aliyepigwa na jua la saa saba mchana. Ile mistari inayosimama katikati ya nyusi ndiyo ndita, na ndiyo hasa ambayo sindano hizi za urembo zilianza nayo. Kisha inua nyusi kama unayeshangaa, utaona mistari ya paji la uso. Mwisho cheka sana, utaona mikunjo ya kona za macho. Sasa legeza uso wote na uhesabu hadi kumi.

Mistari iliyopotea ni ya mwendo: inaletwa na misuli, na ukiilegeza misuli, mistari nayo huondoka. Iliyobaki hata uso ukiwa umetulia imekwisha kujichora kwenye ngozi. Sindano itailainisha, lakini usitarajie ifutike, hasa ukichomwa mara moja tu.

Kuna mambo ambayo dawa hii haiyagusi kabisa. Mashavu yaliyoshuka, ngozi ya kidevu iliyolegea, madoa, chunusi, weusi chini ya macho: yote haya si kazi yake. Mstari unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo nao kwa kawaida si wake. Hapo ndipo watu wengi huchanganya. Anakuja dada anasema anataka "Botox ya midomo", kumbe anataka midomo ijae, na hiyo ni sindano nyingine, ile inayoitwa fila. Fila hujaza, hii hulegeza. Hatari zake pia ni tofauti: fila ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuuziba, ngozi ikafa, na kwa nadra mtu akapofuka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayekupangia sindano ya uso liwe hili: unanilegeza au unanijaza?

Nikuombe pia jambo moja kabla hujatoa hata shilingi: kapime macho. Nimeona zaidi ya mtu mmoja anayekunja ndita kutwa kwa sababu haoni vizuri maandishi ya simu. Miwani ya kusomea inaweza kuipunguzia kazi misuli ile kuliko tulivyodhani.

Na kwa vijana: ngozi yetu nyeusi ina melanini nyingi, na melanini hupunguza makali ya jua, kwa hiyo mikunjo kwa wengi wetu hukawia. Msichana wa miaka 25 ambaye kioo hakimwonyeshi mstari wowote akilegeza uso hana cha kutibiwa. Wengi wa umri huo wanaokuja kwetu tatizo lao halisi ni madoa na ngozi iliyokonda kwa krimu za kujichubua zenye hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Sindano haitamsaidia hata chembe. Aache krimu, amwone daktari wa ngozi, na aanze losheni ya kukinga jua.

Dawa yenyewe na ilikotoka

Ni sumu iitwayo botulini, na Botox ni moja tu ya majina inayouzwa nayo. Nalisema wazi kwa sababu wengine hulificha, na wengine hulitumia kutishia. Inatengenezwa na bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, yule yule anayeua watu kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari wa Kijerumani aliyekuwa pia mshairi, Justinus Kerner, aliandika kwa kina habari za watu waliopooza na kufa baada ya kula soseji mbovu. Jina lenyewe la botulini linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Ubongo ukitaka msuli ukunjamane, hutuma amri kupitia mshipa wa fahamu, na ncha ya mshipa huo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini inayoufikishia msuli ujumbe. Sumu hii huikata protini inayowezesha kemikali hiyo kumwagwa. Msuli uko hai, mshipa uko hai, lakini barua haifiki. Msuli unakaa kimya. Baada ya miezi mitatu au minne mshipa hujirekebisha, barua zinaanza kufika tena, na ndita zinarudi.

Dozi ya urembo ni ndogo mno ukilinganisha na ile inayomdhuru mtu mwili mzima. Dawa hii haikuanzia kwenye urembo hata kidogo. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliitumia kunyoosha makengeza, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaiidhinisha kwa makengeza na kwa watu ambao kope zao hujifumba zenyewe bila hiari. Habari ya mikunjo ilitoka kwa mgonjwa. Huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akimtibu mtu wa kope, naye akamlalamikia: mbona safari hii hukunichoma katikati ya nyusi? Kila ukinichoma hapo uso wangu unaonekana umepumzika. Mumewe Jean, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Mwaka 1992 wakachapisha waliyoyaona, na mwaka 2002 FDA ikaidhinisha dawa hiyo kwa ndita za katikati ya nyusi. Kona za macho zikafuata mwaka 2013, paji la uso mwaka 2017.

Dawa hiyo hiyo hutumiwa kwa watoto wenye misuli iliyokakamaa, kwa kipandauso sugu, na kwa makwapa yanayotoa jasho kupita kiasi. Ukimsikia mtu anaidharau kuwa ni mchezo wa matajiri, mkumbushe hao.

Asiyefaa kuchomwa

Hapa siongezi maneno. Mjamzito, anayejaribu kushika mimba na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye ugonjwa wa misuli na mishipa ya fahamu, hasa ule wa misuli kuchoka upesi unaoitwa myasthenia gravis, asiguswe. Mwenye jipu, chunusi kubwa au maambukizi mahali pa kuchoma, apone kwanza. Aliyewahi kupata mzio wa dawa ya aina hii, basi. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe aseme, kwa kuwa Dysport, dawa nyingine ya botulini, haimfai.

Taja kila dawa unayotumia. Gentamisini, sindano inayotumika sana kwenye hospitali zetu, huweza kuongeza nguvu ya sumu hii kwenye misuli, na dada zake wa kundi moja vilevile. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza kuvilia damu, pia vidonge vya mafuta ya samaki. Lakini kama aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda umeandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa sababu ya uso. Mwulize aliyekuandikia. Damu kuvilia kidogo kwenye paji si kitu mbele ya kiharusi.

Waislamu wengi huniuliza kuhusu viambato. Botox na Dysport zina albumini, protini inayotolewa kwenye damu ya binadamu iliyochangiwa na kusafishwa. Mpelekee sheikh wako habari hiyo kamili, siyo nusu, ndipo umwulize hukumu.

Mkono unaoshika sindano

Uso una misuli inayovutana. Ule wa paji unainua nyusi. Ile ya katikati ya nyusi inazishusha. Ukiulegeza sana ule unaoinua bila kufikiria ile inayoshusha, nyusi zinakaa juu ya macho kama paa lililolegea. Ukichoma chini mno karibu na mfupa wa jicho, dawa huweza kufika kwenye msuli unaofungua kope, na hapo unapata lile kope la mama wa miwani. Ndiyo sababu maelekezo ya dawa yanataka sindano za juu ya nyusi zikae angalau sentimita 1 juu ya ukingo wa mfupa. Mtu aliyejifunza kwa video hajui mfupa huo uko wapi chini ya ngozi yako.

Kwa hiyo tafuta daktari, na bora awe wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Afrika Mashariki tunao. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wapo wanaofanya kazi hii kila wiki.

Mwulize jina lake kamili na namba ya usajili, kisha uhakiki mwenyewe. Tanzania Bara madaktari wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni KMPDC, ambayo pia inasajili vituo. Kama uko Dubai, leseni inatolewa na mamlaka ya afya ya huko, na Oman ni Wizara ya Afya. Usione haya kuuliza. Daktari wa kweli huwa anafurahi kuulizwa, na anayekasirika amekwisha kukujibu.

Kisha uliza: umewachoma watu wangapi wenye ngozi kama yangu? Nikipata tatizo usiku nampigia nani? Ukisafiri, nani atanitazama? Swali hili la mwisho ndilo muhimu kwa wale wanaochomwa na wageni wa siku mbili, wanaotua Ijumaa na kuondoka Jumapili. Madhara mengi ya dawa hii hayaji siku ya sindano. Yanaanza kuonekana siku ya tatu, ya tano, ya kumi, na yeye keshaondoka.

Saluni, sebuleni, hotelini, kwenye sherehe ya wanawake: hapana. Nawapenda wasusi na wapambaji wetu na najua mikono yao ilivyo mahiri. Lakini saluni haina dawa za dharura za mzio, haina jokofu la dawa, na wala haiwajibiki kwa baraza lolote la afya.

Kichupa

Hapa ndipo nataka ukae sana.

Mwezi Aprili 2024, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitangaza watu 22 katika majimbo 11 waliopata madhara baada ya sindano za aina hii. Walichomwa dawa bandia, au walichomwa na watu wasio na leseni au mafunzo, au nje ya vituo vya afya, majumbani na kwenye spa. Nusu yao, watu 11, walilazwa hospitalini. Mwaka uliofuata, kati ya tarehe 4 Juni na 14 Julai 2025, Uingereza nako zikaripotiwa kesi 38 za botulizimu, yaani kupooza kunakoletwa na sumu hii, zilizotokana na sindano za urembo. Hizo ni nchi zenye wakaguzi wengi na maabara kila mahali.

Basi usikubali sindano iliyokwisha kuvutwa dawa kabla hujaingia chumbani. Omba kichupa kifunguliwe mbele yako. Ni haki yako, na kinachukua dakika mbili.

Tazama kwanza boksi. Soma jina la dawa, jina la kiwanda, idadi ya yuniti, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Namba ya toleo ya boksi na ya kichupa zifanane. Piga picha vyote viwili. Dawa zenye sifa ni chache: Botox, Dysport, Xeomin na nyingine kadhaa zikiwemo za Korea. Jina lenyewe halitoshi. Uliza kama imesajiliwa nchini: Tanzania Bara ni TMDA, Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa, Kenya ni Bodi ya Famasi na Sumu, Uganda ni NDA. Dawa iliyoingia kwenye mkoba wa mtu kutoka uwanja wa ndege, hata kama ni halisi, huwezi kujua ilikaa kwenye joto gani njiani.

Joto ni jambo kubwa kwetu. Botox na Dysport hukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Uliza umeme ukikatika wanafanyaje. Kliniki nzuri ina jenereta au betri, na ina kipimajoto ndani ya jokofu. Jokofu lenye soda na chakula cha mchana cha wafanyakazi si jokofu la dawa.

Kichupa kipya cha Botox kinaonekana kama kitupu. Usishtuke. Dawa imekaushwa, imebaki kama utando mwembamba mno chini ya kichupa. Daktari anaongeza maji ya chumvi safi ya hospitalini, na hapo tazama vizuri: ndani ya kichupa hakuna hewa, kwa hiyo maji yanavutwa yenyewe kuingia. Yasipovutwa, kiwanda kinaagiza kichupa hicho kitupwe. Ikishachanganywa inatakiwa ikae kwenye jokofu na itumike ndani ya saa 24, tena kwa mgonjwa mmoja. Ukiambiwa "hii tulichanganya wiki iliyopita", shuka kwenye kiti.

Sasa hesabu, kwa maana wizi mwingi umejificha hapa. Kichupa cha yuniti 100 kikiongezwa mililita 2.5 za maji, kila mililita 0.1 inabeba yuniti 4. Kwa ndita za katikati ya nyusi, dozi iliyoidhinishwa ya Botox ni yuniti 20: sehemu tano, yuniti 4 kila sehemu. Kona za macho ni yuniti 12 kila upande. Paji la uso ni yuniti 20, likichomwa pamoja na ndita. Mtu akitia mililita 5 za maji badala ya 2.5, kila tone lina nusu ya nguvu. Utachomwa sehemu zile zile, utalipa bei ile ile, na baada ya mwezi utasema dawa haifanyi kazi.

Na yuniti za dawa moja si yuniti za nyingine. Ni kama kibaba na pishi: vyote vipimo vya nafaka, lakini anayevichanganya ataharibu biashara. Ndita hizo hizo zinazotaka yuniti 20 za Botox hutaka yuniti 50 za Dysport. Kwa hiyo mtu akikuringia kwamba yeye anatoa "yuniti 50 kwa bei ya 20", mwulize za nini.

Sindano iwe mpya, ifunguliwe kwenye pakiti yake mbele yako. Kuchangia bomba la sindano, hata sindano yenyewe ikibadilishwa, ni njia ya virusi vya homa ya ini na VVU.

Siku yenyewe

Kama una harusi, sendofu au picha za familia, chomwa angalau wiki tatu au nne kabla. Usije siku tatu kabla, hata uje na machozi.

Njoo bila vipodozi. Utapigwa picha uso ukiwa umetulia, umekunja, umeinua nyusi, umecheka. Omba nakala, zitakusaidia kuliko kumbukumbu yako. Utapewa fomu ya ridhaa, isome yote. Kisha daktari atakuambia ukunje uso mara kadhaa huku akigusa misuli na kuweka alama kwa penseli nyeupe. Anayechoma bila kukuambia ukunje uso anafuata ramani ya uso wa mtu mwingine.

Sindano ni nyembamba sana. Maumivu yake ni kama kuumwa na siafu, yanapita. Vivimbe vidogo vitakavyotokea vinatoweka kwa kawaida ndani ya nusu saa. Kazi nzima ni dakika kumi au kumi na tano. Kabla hujainuka, andikiwa kwenye karatasi: jina la dawa, namba ya toleo, yuniti kwa kila sehemu, tarehe, na jina la aliyekuchoma. Karatasi hiyo ndiyo majibu ya yale maswali matatu.

Saa za kwanza na wiki mbili za kwanza

Madaktari wengi huagiza usilale wala usisugue mahali palipochomwa kwa takriban saa nne. Mazoezi makali, sauna na pombe viache siku hiyo. Masaji ya uso iache kwa wiki. Kutinda nyusi subiri siku mbili tatu. Ushungi vaa, ila kikofia cha ndani kisibane paji, na usiende kusukwa nywele za kuvutwa siku hiyo.

Kuhusu sijda: kugusa mkeka kwa paji si sawa na kusugua, na wagonjwa wangu wanaosali nawashauri jambo rahisi linalowapa utulivu. Chukueni miadi ya saa mbili asubuhi. Hadi adhuhuri inapoingia, zile saa nne zimekwisha.

Usiangalie kioo kila saa. Siku ya kwanza hakuna kitu. Kati ya siku ya pili na ya nne utahisi uso umekuwa mzito kidogo unapotaka kukunja. Kazi kamili inaonekana siku ya 14, na siku hiyo ndiyo ya kurudi kutazamwa. Kabla ya hapo mtu asikuongezee dawa, hata upande mmoja ukionekana umetangulia. Mara nyingi upande wa pili uko njiani.

Mambo yakienda kombo

Kuvilia damu na kuumwa kichwa siku moja mbili ni kawaida. Weka kitambaa chenye barafu bila kukandamiza, na meza parasetamoli. Kwenye ngozi yetu, mahali palipovilia panaweza kuacha weusi kwa muda, kwa hiyo pakinge na jua. Nyusi ikiinuka pembeni kama ya mtu anayeshuku, daktari anaweza kuirekebisha kwa dozi ndogo siku ya kurudi.

Kope kushuka huogopesha, lakini hupita. Katika majaribio ya Botox kwa ndita za katikati ya nyusi ilitokea kwa takriban watu 3 kati ya 100. Hurudi lenyewe kwa wiki kadhaa, na kuna matone ya macho ambayo daktari anaweza kukuandikia yaliinue kidogo wakati ukisubiri. Usikande kope wala usikubali kuchomwa "dawa ya kuondoa". Kwa fila za asidi ya hialuroniki kuna dawa ya kuyeyusha. Kwa hii hakuna.

Zipo dalili ambazo hazisubiri asubuhi. Kuona vitu viwili viwili, sauti kubadilika au maneno kuburuta, chakula au mate kutopita kooni, shingo kushindwa kubeba kichwa, mikono kuishiwa nguvu, kupumua kwa shida. Zinaweza kuja saa chache baada ya sindano au wiki kadhaa. Nenda moja kwa moja hospitali kubwa yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na useme neno hili kwa sauti: nimechomwa sindano ya botulini. Usilifiche kwa aibu ya mume, ya mama mkwe au ya majirani. Ipo dawa ya kupambana na sumu hii, lakini inashika ile ambayo bado inazunguka kwenye damu. Iliyokwisha kuingia kwenye mishipa ya fahamu haiirudishi. Kila saa unayonyamaza inahesabika. Uso kuvimba, vipele mwili mzima na kifua kubana muda mfupi baada ya kuchomwa ni mzio, nao ni dharura.

Fedha na tarehe ya kurudi

Uliza bei kwa yuniti, kisha uliza yuniti ngapi. Bei ya "uso mzima" bila idadi ya yuniti haina maana. Chukua jumla uizidishe kwa tatu au nne, maana mwaka una miezi 12 na dawa hukaa mitatu hadi minne. Kama hesabu hiyo inagusa ada za watoto, losheni ya kukinga jua na krimu ya tretinoini ya usiku uliyoandikiwa na daktari, ambayo mjamzito haitumii, zitakusaidia ngozi kwa fedha kidogo zaidi.

Usirudi kuchomwa kabla ya miezi mitatu kamili. Kuongeza ongeza katikati kunaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa, na siku moja ikakataa kufanya kazi kabisa.

Na ukiamua kuacha, acha tu. Hakuna kupunguza polepole, hakuna dawa ya kuachia. Misuli itaamka taratibu, na ndita zitarudi zilivyokuwa. Si kweli kwamba zinarudi mbaya zaidi. Umezoea tu uso bila hizo. Toa zile picha za siku ya kwanza, kaa karibu na dirisha, ulinganishe.